Samaki na lengalenga mu maji moja: namna inatumika, na pale inakwama

Mu Goma, mtu akitaka kulima mboga kwenye parsele anakutana kwanza na makoro. Udongo ni kidogo, jiwe ndiyo mingi. Ndiyo maana watu wengi wanatuulizaka juu ya kilimo kinachoitwa akwaponi: samaki ndani ya tanki, mboga pembeni, maji moja inazunguka kati yao, bila udongo.

Kazi kubwa inafanywa na bakteria. Samaki anatoa amonia, na ikijaa inamuua yeye mwenyewe. Lakini juu ya mawe yenye maji kunaishi bakteria: kundi la kwanza linageuza amonia kuwa nitriti, ambayo ingali sumu, kundi la pili linaigeuza kuwa nitrati, na hiyo ndiyo mbolea ambayo mboga inapenda. Mmea unaila, maji inarudi kwa samaki ikiwa safi. Bakteria hao wanakuja wenyewe, ila wanaomba wiki 4 hadi 6 ili waenee, na penye baridi wanakawia zaidi. Mwenye kununua samaki leo na kuwamwaga wote kesho mu tanki mpya, atawazika.

Hapa makoro yanakuwa rafiki. Yakipondwa vidogo na kuoshwa vumbi, ni mepesi na yamejaa vitundu, kwa hiyo bakteria wanapata nyumba nzuri na mizizi inashika. Maji ndiyo inahitaji akili. Ya bomba ina klori: iache wazi siku moja ama mbili. Ya ziwa Kivu ina chumvichumvi na pH yake iko karibu na 9, wakati mmea unataka 6 hadi 7. Afadhali kuichanganya na ya mvua.

Kwa tanki ya litre 1000, usipitishe kilo 20 za samaki. Chakula unachowapa ndicho kinapima shamba: gramu 40 hadi 50 kwa siku zinatosha metre carré moja ya lengalenga, shu ama saladi. Tomate inataka zaidi. Majani mapya yakianza kuwa manjano huku mishipa yake ikibaki kijani, mara nyingi ni chuma kinapungua, juu chakula ya samaki haina nyingi.

Dawa ya wadudu, hapana kabisa. Hata ile ya kienyeji: maji ya tumbaku inaua samaki, na utupa ndiyo ule mti watu wanapondaka ili kuvua kwa sumu mtoni. Wadudu utaokota kwa mkono.

Shida kubwa ni moto, maana yake umeme. Pompi ikisimama, tilapia waliosongamana wanakosa hewa na wanaweza kufa kwa masaa machache tu. Bila paneli ya jua na betri, tusidanganyane, usianze na tilapia. Chukua kambale (samaki, siyo yule kaka yetu Mnande!), yeye anapanda juu na kuvuta hewa kama sisi. Tena tilapia anapenda maji ya digri 25 hadi 30. Goma iko karibu metre 1500 juu ya bahari, kwa hiyo anakomaa polepole kuliko kule Uvira ama Kalemie.

Na mwenye shamba Masisi, Kabare ama Walungu, pembeni ya kijito? Huyo, kwa maoni yetu, hana sababu ya kununua pompi. Achimbe bwawa, lile tunaitaka etangi, juu kidogo ya bustani. Maji ya samaki ishuke yenyewe kwenye mitaro ya mboga, na siku ya kuvua, tope ya chini ibebwe na beseni hadi kwenye maharagi.