Makala ya kupikia: nyumba yako inaweza kufanya nini juu ya tabianchi?

Tukianza kuzungumza mabadiliko ya tabianchi, wengi wanajibu: "Ile ni kazi ya nchi tajiri na viwanda vyao." Kwa sehemu kubwa ni kweli. Moshi wa viwanda na magari yao ndio umepasha dunia joto, na Kongo imechangia kidogo sana. Lakini kuna sehemu moja yenye iko mu mikono yetu: msitu. Huku kwetu, hewa chafu nyingi inatokana na kukata na kuchoma miti juu ya mashamba mapya, kuni na makala.

Gunia moja linakula miti kiasi gani?

Mchomaji anapanga kuni, anazifunika na majani na udongo, kisha anaziacha ziungue polepole siku kadhaa. Kwa njia hiyo, kilo 1 ya makala inaomba karibu kilo 6 mpaka 10 za kuni. Zingine zote zinaenda na moshi. Familia yenye inamaliza gunia la kilo 50 imetumia kuni kilo 300 mpaka 500.

Kwa miaka mingi, makala mingi ya mji wa Goma imetoka mu Hifadhi ya Virunga, iliyoanzishwa mwaka 1925, ambako kukata miti kunakatazwa. Feza ya biashara hiyo imelisha pia makundi yenye silaha.

Mlima ukibaki uchi

Mizizi inashika udongo, majani yanapunguza nguvu ya mvua. Miti ikiisha, maji yanashuka mbio na udongo na mawe. Mu Kalehe, Kivu Kusini, watu hawajasahau tarehe 4 Mei 2023. Ilikuwa siku ya soko Nyamukubi. Mvua kali ilinyesha, mito ikafurika, na vijiji vya Nyamukubi na Bushushu vikafunikwa. Zaidi ya watu 400 walikufa. Mvua ile hakuna mtu angeizuia, lakini mlima wenye miti unavumilia mvua kuliko mlima uchi.

Mambo matano ya kufanya nyumbani

1. Badilisha mbabula. Ile ya chuma tupu inapoteza moto pembeni. Yenye ndani iko na udongo wa kuchomwa inaweza kupunguza makala kwa karibu theluthi moja.

2. Lowesha maharagi usiku mzima mbele ya kupika, na ufunike chungu. Yanaiva haraka.

3. Ukimaliza kupika, zima makala na majivu ao uyafunike bila hewa. Kesho utayatumia tena. Na usilale na mbabula yenye moto mu chumba chenye kufungwa: hewa yake haina harufu, lakini inaua.

4. Kama umeme unafika kwako, pikia ku resho vyakula vya haraka: chai, mayai, mchele. Tangu 2015, kituo cha Matebe, mu Rutshuru, kinatoa umeme kwa maji ya mto bila kukata msitu.

5. Panda miti ku mipaka ya shamba. Grevilea inakaa vizuri na mazao. Mikaratusi inakua mbio na inafaa kwa makala, lakini usiipande karibu na chemchemi, inakunywa maji mengi. Mradi wa EcoMakala wa shirika la WWF, ulioanza mwaka 2007 mu Kivu Kaskazini, ulifuata njia hiyo: mkulima anapanda miti yake ya makala, na msitu wa Virunga unapumua.

Na serikali je?

Mama mwenye hana umeme hawezi kuambiwa tu aache makala. Na mchomaji naye anatafuta karo ya watoto. Umeme wa bei nafuu, usalama wa misitu na kazi kwa vijana ni deni la viongozi, na tuko na haki ya kuwauliza. Lakini tukingoja wao peke yao, mlima hautangoja.

Anza hivi: gunia lenye utafungua kesho, andika tarehe ku ukuta. Likiisha, hesabu siku. Kisha jaribu moja ya mambo haya matano, uhesabu tena. Siku zenye zitaongezeka ni feza yako mu mfuko, na ni miti yenye imebaki imesimama.