Je, Tanzania itengeneze simu zake yenyewe?

Fungua mfuniko wa simu yako utazame kwenye betri. Mara nyingi utakuta imeandikwa kuwa imetengenezwa China. Wengi wanauliza: kwa nini tusitengeneze za kwetu? Jibu linategemea tunaposema "kutengeneza" tunamaanisha kazi ipi, kwa sababu zipo ngazi tatu.

Ngazi ya kwanza: kuunganisha

Vipuri vinaagizwa kutoka nje, kisha vinaunganishwa, vinapimwa na kufungashwa hapa. Kenya ilizindua kiwanda cha aina hii Athi River, Oktoba 2023. Mojawapo ya simujanja zake ilitangazwa kwa shilingi 7,499 za Kenya. Vijana wanapata ajira na ujuzi, lakini fedha nyingi bado zinakwenda kule vipuri vinakotoka.

Ngazi ya pili: kutengeneza bodi

Mara Phones ilifungua kiwanda Kigali, Rwanda, Oktoba 2019, na bodi za simu zikatengenezwa hapo hapo. Simu yake ya bei ya chini iliuzwa dola 130 hivi za Marekani, wakati madukani zilikuwapo simujanja za kampuni kubwa kwa dola 54 hivi. Mnunuzi mwenye kipato kidogo hufuata bei.

Ngazi ya tatu: kutengeneza chipu

Chipu ndiyo ubongo wa simu. Kiwanda kimoja cha kisasa cha chipu hugharimu zaidi ya dola bilioni 10, na kinahitaji umeme usiokatika na maji safi mno. Taiwan, inayoongoza leo, ilianza miaka ya 1960 kwa kuunganisha vifaa vya umeme vya kampuni za kigeni. Kampuni yake kubwa ya chipu, TSMC, ilianzishwa mwaka 1987.

Funzo la Morogoro

Sisi wa Morogoro tunajua kuwa jengo na mashine havitoshi. Kiwanda cha Viatu Morogoro kilijengwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia ili kiuze viatu Ulaya. Hakikuwahi kuvuka asilimia 4 ya uwezo wake, na uzalishaji ulikoma mwaka 1990. Mkopo ulibaki kuwa deni la nchi.

Tulicho nacho

Mahenge, wilayani Ulanga, kuna madini ya kinywe. Kinywe kikisafishwa hutumika ndani ya betri za simu na za magari ya umeme. Kukisafisha hapa nchini kabla ya kukiuza ni hatua iliyo karibu nasi kuliko chipu. Kufundisha mafundi wa kurekebisha bodi ni hatua nyingine.

Nani atalipa?

Hatari moja ni hii: ili kulinda kiwanda cha ndani, serikali inaweza kupandisha ushuru wa simu za nje. Hapo mkulima wa Mgeta anayepiga simu kuulizia bei ya kabichi mjini ndiye atakayelipa zaidi.

Kwa hiyo ukisikia ahadi ya kiwanda cha simu, uliza mambo manne. Vipuri vitatoka wapi? Simu itauzwa bei gani? Ikiharibika, kioo na betri vitapatikana Morogoro? Na baada ya miaka mitano, ni kipuri gani tutakuwa tunatengeneza wenyewe? Kama swali la mwisho halina jibu, tutabaki kwenye ngazi ya kwanza.