Samuel Sebastian Wesley

Samuel Sebastian Wesley (14 Agosti 1810 – 19 Aprili 1876) alikuwa mpiga kinanda na mtunzi wa muziki wa kanisa nchini Uingereza, mjukuu wa Charles Wesley, mtunzi wa tenzi. Alizaliwa London, akaimba utotoni katika kwaya ya kanisa la kifalme. Alipiga kinanda katika makanisa makuu ya Hereford (kuanzia 1832), Exeter (1835), Winchester (1849) na Gloucester (1865). Kati ya 1842 na 1849 alitumikia Leeds.

Wimbo wake mmoja wa Pasaka aliutunga Hereford kwa ajili ya wavulana na mwanamume mmoja tu wa sauti ya besi. Mwaka 1849 alichapisha kijitabu cha kudai kwaya za makanisa makuu zigharimiwe ipasavyo. Tuni yake Aurelia (1864) ingali ikiimbwa. Alizikwa Exeter.