Degedege na somo la Bagamoyo

Kwenye karatasi, kazi ilikuwa nyepesi. Mbu huleta malaria, malaria huua watoto, basi gawa vyandarua vilivyotiwa dawa. Miaka ya 1990, mradi wa vyandarua wilayani Bagamoyo, Tanzania, ulikuwa na watafiti waliokaa na wanavijiji wakawauliza maradhi wanayoyajua wao. Miongoni mwa watafiti hao alikuwa Peter Winch. Waliyoyasikia, yaliyochapishwa mwaka 1996, yaliivuruga hesabu hiyo.

Kwa wengi, homa ya malaria ilikuwa maradhi ya kawaida, dawa yake ipo hospitali. Mtoto anayekakamaa na kugeuza macho alikuwa na degedege, na degedege ni shetani, hushughulikiwa na mganga. Tena ilisadikiwa kwamba mtoto huyo akichomwa sindano atakufa. Kumbe kwa daktari, mara nyingi ni malaria hiyohiyo iliyopanda kichwani.

Mpe mama wa mtoto huyo dodoso, umuulize kama mbu huambukiza malaria. Atajibu ndiyo, nawe utaandika kwamba elimu imefika. Hajakudanganya, hukumuuliza habari za degedege.

Utafiti wa kukaa na watu na kuwasikiliza, unaoitwa wa kimaelezo, haukuzaliwa hospitalini. Majadiliano ya vikundi, kwa mfano, yanatokana na kazi ya mwanasosholojia Robert Merton, aliyewahoji wasikilizaji wa redio huko New York miaka ya 1940. Afya ya msingi iliuhitaji utafiti huu zaidi baada ya Tamko la Alma-Ata la Septemba 1978, lililosema wananchi wana haki na wajibu wa kushiriki kupanga huduma zao. Utampangiaje mtu usiyejua anafikiri nini?

Wanaoanza utafiti huu hudhani ni kupiga soga. Sivyo hata kidogo. Swali lisibebe jibu ndani yake. Maneno ya msemaji yaandikwe kama alivyoyatamka, si kwa lugha ya zahanati. Wahojiwa hawahesabiwi kwa mamia. Unaendelea mpaka wapya wawe wanarudia yaliyokwisha kusemwa. Na usiwakusanye wakwe na wakaza wana kikundi kimoja ukategemea kusikia ukweli wa nyumbani.

Ukitaka kujaribu Tanzania, tafuta kwanza kibali cha maadili. Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR) ni mojawapo ya zinazokitoa. Kisha uwaulize kina mama walipita wapi na mtoto kabla ya kufika zahanati, na uwaache wamalize kusema.