Mlingoti Uliohamia Juu ya Motokaa

Mwezi wa Septemba, mwaka 1914, majeshi ya Wadachi yaliingia mji wa Kisii, makao ya Wilaya ya Kavirondo ya Kusini, ambayo ndani yake ilikuwamo nchi ya Nyamira. Miezi tisa baadaye Waingereza walipanda meli Kisumu, wakavuka ziwa hadi Bukoba. Walichokitafuta huko kilikuwa kituo cha simu ya upepo pamoja na mlingoti wake mrefu. Walipigana siku mbili, tarehe 22 na 23 Juni 1915, na mlingoti ukaangushwa. Yafaa ujiulize, msomaji: kwa nini watu wafe kwa ajili ya mlingoti? Ni kwa kuwa bila mlingoti ule habari zisingeweza kuruka ziwani.

Mawimbi ya redio yalithibitishwa na Heinrich Hertz katika Ujerumani mwaka 1888. Vituo vya zamani vilitumia mawimbi marefu mno, na wimbi refu hudai antena kubwa. Wataalamu walipojifunza kutumia mawimbi mafupi, antena nayo ikafupika, kwani urefu wake hutosha ukiwa robo ya wimbi. Wimbi la mita 2 lahitaji ufito wa nusu mita tu. Basi mlingoti ukahamia juu ya motokaa. Mwaka 1933 polisi wa mji wa Bayonne, Marekani, waliweza kusema na kujibiwa wakiwa garini; na mwaka 1940 jimbo zima la Connecticut likapata mtambo kama huo kwa polisi wake.

Lakini wimbi fupi lina udhaifu wake: husafiri karibu kama nuru, wala halipindi sana nyuma ya kilima. Hapo ndipo Nyamira inapokuwa mwalimu mkali. Gari lililo juu ya Manga lauona mji wa Kisii chini yake, na sauti hupita bila taabu. Gari hilo hilo likishuka bondeni likiwa na mgonjwa, huenda lisisikike kabisa.

Je, antena njema hujulikanaje? Simamisha gari bondeni, mahali palipotiwa alama. Kituo cha mlimani kitume mawimbi kwa nguvu zisizobadilika. Pima nguvu zinazopokewa. Kisha geuza gari kuelekea pande zote nne, ukipima kila mara. Utaona kwamba antena iliyo katikati ya paa la chuma husikia pande zote karibu sawa, na ile iliyofungwa pembeni hupendelea upande mmoja. Halafu badilisha antena peke yake, usibadilishe kingine, uanze tena. Wala usiridhike na kipimo kimoja, kwani mawimbi yanayorudishwa na vilima hukutana na kupunguzana. Gari likisogea nusu mita tu, sauti yaweza kufifia au kupata nguvu.

Wahenga walisema, usisafirie nyota ya mwenzio. Antena iliyosifiwa katika nchi tambarare haijathibitika milimani. Wewe utakayekuwa fundi kesho, ipime bondeni kwanza, kabla mgonjwa hajaitegemea. Watu wa mwaka 1915 waliujua uzito wa mlingoti kwa vita. Wewe waweza kuujua kwa kipimo na subira.