Msumbiji: Kuhama Kabla ya Maji

Mto Limpopo hauanzi Msumbiji. Unaanza Afrika ya Kusini, unapita katika mipaka ya Botswana na Zimbabwe, ndipo unaposhuka katika mkoa wa Gaza na kuingia Bahari ya Hindi karibu na mji wa Xai-Xai. Kwa sababu hiyo mkulima wa Chókwè anaweza kufikiwa na gharika iliyotokana na mvua ambayo yeye mwenyewe hakuiona. Hilo ndilo linalofanya kazi ya kuwahamisha watu wa bonde hilo kuwa ngumu: wanatakiwa kuacha nyumba kavu kwa kuamini habari za mbali.

Mwezi Februari 2000, mvua kubwa zilizozidishwa na kimbunga Eline ziliufurisha mto huo. Maonyo yalitolewa, lakini wananchi wengi wa Chókwè hawakuondoka. Walikumbuka mafuriko ya 1977, wakadhani maji yatakomea pale pale yalipokomea mara ile. Wengine waliogopa kuwaachia wezi mali zao. Haikuwa haki kuwaita wakaidi. Walitumia kipimo walichokuwa nacho. Nchini kote walikufa watu wapatao 700. Wapatao 45,000 waliokolewa, na ijapokuwa picha zilizoenea duniani zilikuwa za helikopta, wengi wao walichukuliwa kwa mashua.

Kukaa kwao bondeni kulikuwa na historia yake. Katika miaka ya 1950 serikali ya Wareno ilichimba mifereji ya umwagiliaji na kuwaleta walowezi katika ardhi hiyo yenye rutuba. Baada ya uhuru, mafuriko ya 1977 yaliifanya Serikali ya Frelimo iwahamishie wananchi wengi kwenye vijiji vya jumuiya vilivyojengwa mwinukoni. Lakini mashamba yalibaki chini, na miaka ilipopita watu waliyafuata.

Baada ya 2000 mkazo uliwekwa vijijini. Ziliundwa kamati za wananchi, zikapewa redio, baiskeli, vipaza sauti na bendera za rangi za kuonyesha ukaribu wa kimbunga. Katika bonde la mto Búzi wanavijiji walifundishwa kupima mvua na kina cha mto, na kuwaarifu kwa redio wenzao wa chini. Hapana shaka onyo linalotoka kwa jirani anayejulikana huaminiwa upesi kuliko tangazo la ofisini.

Januari 2013 Limpopo ilifurika tena. Safari hii Serikali iliamuru Chókwè ihamwe kabla ya maji kuingia, na makumi ya maelfu ya watu wakaenda Chihaquelane, mahali pale pale walipokimbilia wenzao mwaka 2000. Njia na kimbilio vilikuwa vinajulikana. Maafa yalikuwapo, na waliokufa katika nchi nzima walizidi 100, lakini vifo vya kiasi cha mwaka 2000 havikurudiwa.

Kisha, Machi 2019, kimbunga Idai kiliipiga Beira. Maonyo ya upepo yalitangulia. Lakini upepo uliangusha mitambo ya mawasiliano, na mvua iliyonyesha milimani ikateremka kwa mito ya Búzi na Pungwe siku zilizofuata, wakati ambapo vijiji vingi havikuweza kuarifiwa. Watu wakapanda juu ya mapaa na miti. Waliokufa Msumbiji walizidi 600.