Kukopi Maua ya Vuillard

Nilipoingia dukani Kariakoo kuulizia rangi za mafuta, kijana alinitolea kopo la lita nne akaniuliza, "Mlango wa mbao au wa chuma?" Rangi za tyubu nilikuja kuzipata baadaye, tyubu sita, kwa bei ambayo mpaka leo sijamwambia mama.

Picha niliyotaka kuinakili ni Le Corsage rayé, yaani blauzi ya mistari, ya Mfaransa Édouard Vuillard. Aliichora 1895. Mwanamke aliyevaa blauzi ya mistari myekundu na myeupe anapanga maua, na chumba kizima kimejaa marembo mpaka hujui ua lipi ni la kwenye chombo na lipi ni la ukutani. Ni moja ya picha tano alizoagizwa na Thadée Natanson wa jarida la La Revue Blanche kwa ajili ya nyumba yake ya Paris. Baadaye zilitawanyika. Hii iko Washington. Mimi ninayo kwenye simu.

Vuillard na wenzake, akina Bonnard na Sérusier, walijiita Nabis. Neno si geni kwetu: ni nabii yuleyule wa Kiebrania na Kiarabu. Vijana wa miaka ishirini na kitu kujiita manabii, makubwa!

Wapo wanaoona kukopi ni aibu. Louvre inawaruhusu wanakili tangu ilipofunguliwa 1793, ila nakala isilingane ukubwa na picha yenyewe. Matisse alinakili humo meza ya vyakula ya Jan Davidsz. de Heem mwaka 1893, akairudia kwa namna yake 1915. Na hapa Dar es Salaam, wanafunzi wa Edward Saidi Tingatinga walijifunza kwa kukaa karibu naye na kuiga, tena kwa rangi ya kopo, ndugu yake ile ya Kariakoo.

Wiki tatu za kwanza niliharibu tu. Nilichora kila kitu kwa penseli, nikajaza rangi ndani ya mistari kama mtoto wa chekechea. Mwanamke akasimama peke yake kama stika. Nikajaribu kulainisha kingo, na rangi ambazo bado zilikuwa mbichi zikageuka tope, maana rangi ya mafuta haikauki kwa siku moja wala mbili. Nikakwangua, nikasubiri, nikarudia. Taratibu nikaanza kuona kwamba Vuillard hakuchora kwanza mtu halafu ukuta. Aliweka doa la wekundu hapa, jingine lenye giza lilelile pale, akaacha jicho la mtazamaji liyashone.

Nasema liyashone kwa sababu mama yake alikuwa fundi wa kushona, akifanyia kazi nyumbani, na Vuillard aliishi naye mpaka alipofariki 1928. Alikulia kwenye vitambaa. Mimi nami utoto wangu niliumaliza chini ya meza ya cherehani, nikichezea vipande vya vitenge, lakini wakati nachagua picha hiyo sikuwaza kabisa jambo hilo. Macho ya mama yamechoka. Cherehani imefunikwa tangu Ramadhani ya mwaka juzi, na hatuizungumzii.

Jumapili alikuja chumbani, akaichukua kanvasi na kuipeleka dirishani. Nilidhani ataniuliza nimetumia shilingi ngapi. Akaitazama muda mrefu, ameisogeza karibu na uso.

"Hapa begani umekosea kitambaa," akasema. "Mkono umefura hivi, mistari italalaje wima? Lazima ipinde."

Nikafungua simu, nikaikuza picha. Imepinda.

"Aliyeishona hii alijua kazi," akasema mama, akarudisha kanvasi mezani. Kidole chake kilikuwa kimebaki na wekundu, akakifuta kwenye kanga.

Bega lote nimelikwangua. Jumamosi naanza upya, na nimemwomba mama akae.